Forester ya turbo iliyovuta hewa kwenye silensa na kuipoteza mlimani

Gari lenyewe ni Subaru Forester ya 2005, bodi ya SG5, injini EJ205 ya cc 1,994 yenye turbo, gia otomatiki. Mwenye gari ni mzee mstaafu wa hapa Arusha ambaye huteremka Dar es Salaam mara kwa mara kuwaona wajukuu. Alikuja na bahasha ya risiti: plagi nne mpya, koili mbili, pampu ya mafuta, kusafishwa kwa sensa ya hewa, na mwishoni karatasi ya makadirio ya turbo nyingine ya mtumba. Kila risiti ilikuwa ya kazi iliyofanyika kweli, na gari lilikuwa vilevile.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mwanangu, mimi si mtaalamu, lakini hii turbo wanayotaka niinunue sijaridhika nayo. Gari linatetemeka likiwa limesimama. Turbo inafanya kazi gani gari likiwa limesimama?”

Swali hilo lilikuwa na akili kuliko risiti zote zile. Nikamwomba aeleze ugonjwa wote tangu mwanzo bila kuacha kitu. Silensa, yaani mngurumo wa injini usipokanyaga mafuta, inapanda na kushuka, hasa asubuhi injini ikishapata moto kidogo. Mlimani gari linakuwa zito, na anayemfuata nyuma anamwambia linatoa moshi mweusi. Limeanza kula mafuta. Linavuja oili ya injini kwenye vifuniko vya vali, ambavyo vimepakwa silikoni zaidi ya mara moja na bado vinalowa. Halafu, akiwa anakaribia kunyamaza, akaongeza jambo aliloliona dogo: taa ya injini huwaka akifika Dar, akirudi Arusha baada ya safari chache inazima yenyewe. Kule kwingine walimwambia ni joto la Pwani, au mafuta mabaya ya vituo vya njiani.

Kodi ya hitilafu iliyokuwa kwenye kumbukumbu ya kontroboksi, kompyuta ya injini, ilikuwa P0171, yaani injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Hapo ndipo mafundi wengi wanapotelea. Wanasoma “hewa nyingi, mafuta machache” wanakimbilia pampu na nozeli. Wakiona moshi mweusi, ambao ni dalili ya mafuta mengi, wanachanganyikiwa na kusema sensa imekufa. Gari moja litakuwaje na mafuta machache na mafuta mengi kwa wakati mmoja? Kwenye injini isiyo na turbo ningesema tafuta magonjwa mawili. Kwenye injini ya turbo tundu moja linatosha.

Fuata njia ya hewa kwenye injini hii. Hewa inapita kwenye filta, kisha kwenye sensa ya hewa inayoipima uzito wake. Kutoka hapo inaingia kwenye bomba la mpira linalopita chini ya manifoldi (mabomba yanayogawia silinda hewa) hadi turbo, iliyokaa nyuma upande wa kulia. Turbo inaisukuma juu kwenye intakula inayoipooza, intakula inaipeleka kwenye throto, kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta, throto inaiachia manifoldi, ndipo inaingia kwenye silinda. Kontroboksi inaamini jambo moja tu: kila gramu iliyopita kwenye sensa imefika kwenye silinda, na hakuna gramu iliyofika bila kupita kwenye sensa. Tundu lolote baada ya sensa linavunja imani hiyo, lakini linaivunja kwa namna tofauti kutegemea lilipo.

Tundu likiwa kati ya sensa na turbo, eneo hilo linavuta muda wote. Halisukumi kamwe. Hewa isiyopimwa inaingia, na ukikanyaga mafuta inaingia zaidi kwa sababu turbo inanyonya kwa nguvu. Tundu likiwa kati ya turbo na throto, kwenye silensa halina madhara ya maana kwa sababu presha ya pale iko karibu sawa na ya nje, ila ukikanyaga, hewa iliyokwisha kupimwa inatoroka. Kontroboksi imemwaga mafuta ya hewa ambayo haikufika, na moshi mweusi unatoka. Tundu likiwa baada ya throto, kwenye manifoldi au mpira wowote uliounganishwa nayo, lina sura mbili. Kwenye silensa manifoldi ina vakyumu (presha iliyo chini ya ile ya nje), tundu linavuta hewa isiyopimwa, mchanganyiko unakosa mafuta. Turbo ikijaza manifoldi presha, tundu lilelile linatema hewa iliyopimwa, mchanganyiko unazidi mafuta.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua boneti, maelezo ya mzee yalikuwa yameshaelekeza baada ya throto. Ilibaki kuthibitisha kwa namba.

Niliunganisha mashine, injini ikiwa ya moto, kiyoyozi kimezimwa. Kontroboksi inasahihisha mafuta kwa njia mbili: kuna masahihisho ya papo hapo, na kuna yale iliyojifunza na kuyaweka kwenye kumbukumbu. Yote mawili yanajumlishwa, na alama ya + maana yake kontroboksi inaongeza mafuta. Kwenye silensa yalikuwa +9 na +14, jumla +23 kwa mia. Sensa ilikuwa inasoma gramu 3.0 za hewa kwa sekunde. Nikapandisha mizunguko hadi 2,500 bila mzigo na kuishikilia hapo: sensa ikasoma karibu gramu 10, masahihisho yakashuka hadi +7.

Asilimia 23 ya gramu 3.0 ni gramu 0.7. Asilimia 7 ya gramu 10 ni gramu 0.7. Kiasi cha hewa ya wizi hakibadiliki. Kinachobadilika ni hewa halali inayopita pembeni yake. Ingekuwa pampu ya mafuta ni dhaifu, masahihisho yangepanda mizunguko inapopanda, kwa sababu injini inadai mafuta zaidi na pampu haiwezi. Ingekuwa sensa imechafuka na inapima pungufu, hitilafu ingejitokeza kila mahali, si kwenye silensa peke yake. Tundu la baada ya throto ndilo linaloonekana vibaya kwenye silensa na kufifia unapopandisha mizunguko. Ukiwa na mashine ya bei yoyote inayoonyesha masahihisho ya mafuta na gramu za hewa, hesabu hii utaifanya kabla hujashika spana.

Sasa lile la taa kuwaka Dar, ambalo mimi nililipenda kuliko yote. Hewa inayovutwa kupitia tundu dogo hufika mahali ambapo haiendi kasi zaidi hata vakyumu ikiongezeka. Hali hiyo huanza presha ya ndani inaposhuka karibu na nusu ya presha ya nje. Kuanzia hapo, kiasi kinachopita kinategemea presha ya nje peke yake. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, presha ya hewa ni kama kPa (kilopaskali) 86. Dar iko usawa wa bahari, kPa 101. Manifoldi kwenye silensa ilikuwa kPa 32, chini ya nusu ya zote mbili. Maana yake tundu lililoingiza gramu 0.7 Arusha litaingiza zaidi ya gramu 0.8 Dar, wakati injini kwenye silensa inahitaji uzito uleule wa hewa kote kuwili. Masahihisho yanapanda kutoka 23 hadi karibu 28. Arusha kontroboksi ilikuwa inavumilia kwa shida. Dar ilivuka mpaka wake ikawasha taa. Joto na vituo vya mafuta vilisingiziwa bure.

Nitaje hapa na geji ya vakyumu, kwa sababu kwenye karatasi mojawapo ya mzee kuna fundi aliandika “vakyumu iko chini, huenda mkanda wa taimingi umeruka”. Alisoma inchi 16 za zebaki, na vitabu vinasema injini nzima isome 18 hadi 21. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa usawa wa bahari. Ukitoa kPa 32 kwenye kPa 86 unabaki na 54, ambazo ni inchi 16 kasoro kidogo. Kwa Arusha hiyo ni geji ya injini nzima. Na pia haikuonyesha tundu, kwa kuwa kontroboksi inapoona mizunguko inapanda kwa hewa ya wizi, inabana hewa yake ya silensa mpaka jumla irudi palepale. Kule kupanda na kushuka alikokuwa anakuona mzee ni huko kubana na kuachia. Geji ya vakyumu ni chombo kizuri, ila kwa kisa hiki haikuwa shahidi.

Kutafuta tundu lenyewe ndiko kulikokula muda. Kuna njia maarufu ya kupuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye mipira huku injini inanguruma, ukisikiliza mizunguko ikibadilika. Kwenye injini ya turbo siifanyi na simruhusu kijana wangu yeyote kuifanya. Turbo na manifoldi ya eksozi vina joto la kuwasha dawa hiyo papo hapo, na kwenye injini hii turbo iko karibu kabisa na mahali utakapokuwa unapulizia. Nimeona boneti iliyoungua kwa njia hiyo. Hata ukinusurika na moto, feni inasambaza mvuke kote na hujui ni mpira gani uliojibu.

Tukaanza na moshi. Mashine yetu ya moshi ni mtungi wenye mafuta laini, utambi na hita plagi ya injini ya dizeli, inayosukumwa na hewa kidogo sana, chini ya psi 1. Tuliingiza moshi kupitia mpira wa sevo ya breki baada ya kuuchomoa, tukaziba mlango wa hewa mbele. Gasketi za manifoldi zilikuwa kavu. Mipira ya vali ya mvuke wa petroli, ya regyuleta ya mafuta na ya vali ya kupumulia turbo yote mizima. Sevo ya breki nayo tuliipima kivyake, nzima. Moshi ulitoka mahali pamoja tu: mdomo wa kijiti cha kupimia oili.

Kwa mtu mwenye haraka hapo kazi imeisha. Angesema hakuna tundu. Lakini moshi uliingizwa kwenye manifoldi, umefikaje chini kwenye oili? Kati ya manifoldi na chumba cha krenki, sehemu ya chini ya injini yenye oili, kuna mlango mmoja wa moja kwa moja, vali ya PCV. Kazi yake ni kuruhusu mvuke wa oili uvutwe kwenda kuchomwa injini ikiwa na vakyumu, na kujifunga kabisa turbo inapojaza presha, ili presha hiyo isishuke kwenye oili. Moshi wetu ulikuwa unasukuma kwa upande uliotakiwa kufungwa, na ukapita. Ni kweli presha ndogo kama ile inaweza isitoshe kuifunga vali hata ikiwa nzima, moshi unaweza kuzunguka kwa throto na mipira ya kupumulia ambayo hatukuwa tumeibana, na kiasi kidogo hupita kwenye ringi za pistoni. Kwa hiyo ulikuwa ushahidi wa kushuku, haukuwa wa kuhukumu.

Tukahamia kwenye presha ya kweli. Unatoa sensa ya hewa na kuiweka kando, maana haikutengenezwa kwa kazi hii, unaziba mdomo wa bomba la turbo kwa kifuniko cha bomba la PVC kilichofungwa valvu ya tairi, unapeleka hewa ya kompresa kupitia regyuleta hadi psi 10, injini imezimwa. Jambo wanalolisahau wengi kwenye Subaru za turbo: mipira ya kupumulia ya vifuniko vya vali na ya chumba cha krenki inarudi kwenye bomba hilohilo la kuingilia turbo. Usipoibana, unajaza hewa kwenye oili moja kwa moja na kila jibu utakalopata ni la uongo. Tuliibana yote kwa koleo za mipira. Kisha tukafungua kifuniko cha kujazia oili, kwanza kulinda sili za injini, pili kwa sababu sasa njia pekee ya hewa kufika pale ni vali ya PCV, ukiacha ule mnong'ono mdogo wa ringi.

Hewa ilitoka kwenye tundu la oili kwa nguvu ya kupeperusha kitambaa. Na chini ya intakula, upande wa nyuma, ukasikika mluzi ambao kwenye moshi haukuwepo.

Intakula ya gari hili imelala juu ya injini na inaficha karibu kila kitu tulichokitaka. Kabla ya kuitoa nilitaka uthibitisho mmoja injini ikiwa inafanya kazi. Nikaondoa vifaa vya presha, nikarudisha sensa, nikawasha, nikapitisha koleo la shingo ndefu ubavuni mwa intakula na kuubana mpira wa PCV karibu na manifoldi. Kijana alikuwa ameshika mashine. Masahihisho ya papo hapo yakaanguka pale pale, na silensa ikatulia. Nikaachia, ikarudi kutetemeka. Kwenye gari zima kuubana mpira huo hakubadilishi masahihisho sana, kwa kuwa hewa inayopita humo imeshapimwa na sensa kabla ya kuzunguka kwenye injini. Ikibadilika kiasi hicho, hewa inaingia kutoka nje.

Tukatoa intakula. Mpira kati ya vali ya PCV na kiungo cha chumba cha krenki ulikuwa mnene kuliko mipira ya jirani, umevimba, laini kama ndizi iliyoiva. Juu ulionekana mzima. Chini, mahali ambapo jicho halifiki na hata kioo kinahitaji tochi, kulikuwa na mpasuko wa urefu wa kucha ya kidole gumba. Midomo yake ilikuwa imegandishwa na utando wa oili, ndiyo maana moshi wa psi 1 haukuifungua. Ukiufyonza mpira kwa upande mmoja ulibonyea, na ulipobonyea midomo ikaachana. Ukiusukuma kwa psi 10 ukatanuka na midomo ikaachana vilevile. Ukiwa umetulia mkononi ulikuwa umefunga, na fundi aliyeupapasa tu asingehisi chochote.

Ubavuni mwake kulikuwa na maandishi ya kiwandani yaliyofifia. Ulikuwa mpira wa hita, wa kupitishia maji ya rejeta. Mtu huko nyuma aliukosa wa asili akakata kipande cha mpira wa maji wenye kipenyo kinacholingana. Mipira ya maji kwa kawaida ni ya EPDM, aina ya mpira inayovumilia maji moto na kemikali za kupoozea miaka mingi, lakini oili inaivimbisha na kuilainisha hadi ipasuke. Silikoni ya kawaida ya rangi ya bluu inayouzwa kama urembo nayo haifai hapo; oili inaipenya.

Vali yenyewe tuliifungua kwenye manifoldi. Vali nzima ukiitikisa inalia ndani. Hii ilikuwa kimya. Ukipuliza kutoka upande wa manifoldi inatakiwa ikatae. Hii ilipitisha kutoka pande zote mbili. Ndani yake palikuwa na utomvu mweusi uliogandisha pini ikiwa imefunguka.

Hapo ugonjwa wote ukajipanga kwa mfuatano. Vali iliganda kwanza. Kila mzee alipopanda mlima, presha ya turbo ilishuka kwenye chumba cha krenki na kutafuta pa kutokea. Ikasukuma oili kwenye gasketi za vifuniko vya vali, ndiko kule kuvuja ambako silikoni ilishindwa kukuzuia. Mvuke mzito wa oili ukapita kwenye mpira ambao haukuwa wa oili, ukaulainisha, ukapasuka. Vali iliyoganda wazi pia haikubana kiasi cha hewa kama inavyobana ikiwa nzima kwenye vakyumu kubwa, kwa hiyo mpasuko mdogo ukapata njia pana ya kuingia kwenye manifoldi. Angebadilishiwa mpira peke yake, silensa ingetulia, tungeshikana mikono, na baada ya muda oili ingeanza tena. Angebadilishiwa vali peke yake, mpasuko ungebaki unavuta.

Nilikagua turbo pia, kwa sababu mzee aliuliza na anastahili jibu la kuonekana. Shafti haikuwa na mchezo wa kwenda mbele na nyuma, mapanga hayakugusa nyumba, na oili iliyokuwa kwenye bomba la kuingilia ilitoka kwenye mipira ya kupumulia, si kwenye sili ya turbo. Nilimwita aje ashike shafti kwa mkono wake.

“Kwa hiyo turbo yangu nzima?”

“Nzima, mzee wangu. Tunabadilisha vali na mpira.”

Vali tuliweka ya asili, mpira tukaweka wa kuvumilia oili wenye umbo lake la kiwandani, klipu mpya kote. Vifuniko vya vali tulivifungua, tukakwangua silikoni yote kwa uangalifu isianguke ndani, maana kipande cha silikoni kikiingia kwenye njia ya oili kinaweza kuziba kichujio cha pampu, kisha tukaweka gasketi mpya bila kupaka kitu zaidi ya pale kiwanda kinapotaka. Jaribio la psi 10 likarudiwa: kimya, na kwenye tundu la oili ule mnong'ono wa ringi peke yake.

Tukafuta kumbukumbu ya masahihisho, tukaliendesha hadi Ngaramtoni na kurudi ili kontroboksi ijifunze upya. Jumla kwenye silensa ikawa +2, kwenye mizunguko 2,500 ikawa +1. Gramu za silensa zilipanda kutoka 3.0 hadi 3.7, na ongezeko hilo ni ile 0.7 iliyokuwa inaingia kwa mlango wa nyuma, sasa inapita kwenye sensa. Kwenye kipando gari lilivuta bila kusita na bila moshi.

Mzee ameshafika Dar na taa haikuwaka. Mjukuu wake alimpimia huko kwa mashine ndogo ya bluetooth akanitumia picha: +3 kwenye silensa. Vifuniko vya vali bado vikavu. Kilichobaki kwenye daftari la gari hili ni bomba la kuingilia turbo, lile linalopita chini ya manifoldi: lina mistari ya ukavu kwa nje ambayo haijapenya ndani, na kulitoa kunataka manifoldi itolewe. Nimemwandikia alibadilishe siku manifoldi itakapofunguliwa kwa kazi nyingine, na mpaka wakati huo, akiona gari linakosa nguvu mlimani bila moshi na silensa imetulia, aanzie hapo.